Maswali ya Wasomaji: Bakteria Rafiki na Vimelea Visivyosikia Dawa

Barua za safari hii karibu zote zinabisha hodi mlango mmoja. Antibayotiki zinazidi kushindwa kazi: makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019 pekee. Wakati huohuo probayotiki, yaani bakteria hai wanaomezwa ili wauletee mwili faida, zinauzwa kwa ahadi kubwakubwa. Wasomaji wanauliza kama hawa wanaweza kuwamudu wale. Barua tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

SWALI: Nina jipu ambalo maabara imesema lina MRSA, yaani bakteria Staphylococcus aureus aliye sugu kwa antibayotiki nyingi. Nimemaliza dozi mbili bila nafuu. Je, niachane na antibayotiki nitumie probayotiki?

Usiachane nazo. Tena kabla ya kuilaumu dawa, jiulize kama jipu hilo limewahi kupasuliwa. Ndani ya usaha hakuna mishipa ya damu, hivyo dawa uliyomeza inafika kidogo sana au haifiki kabisa. Jipu linapasuliwa, usaha unatolewa wote, sampuli inaoteshwa maabara ili ijulikane ni dawa ipi inayowaua bakteria hao, kisha ndipo dozi inachaguliwa. Mara nyingi "dawa imegoma" maana yake ni kwamba usaha bado umo ndani.

Probayotiki uliyomeza iko kwenye utumbo. Haisafiri kwenda kwenye jipu la paja. Haiui maambukizi yaliyokwisha kushika, na yeyote anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakupotezea muda ambao MRSA inautumia kuingia kwenye damu.

Kazi yake ni nyingine, na inakuja mapema zaidi. Vimelea sugu vingi haviingii mwilini na kuleta ugonjwa siku hiyohiyo. Kwanza vinapanga: utumboni, puani, kwenye ngozi, ukeni. Vinaweza kukaa hapo miezi kadhaa bila kusumbua, vikingoja upasuaji, mrija wa mkojo au kinga kushuka. Mwili wenye wapangaji wake wa kawaida hauna nafasi ya kuwapa wageni, kwani chakula kimeshaliwa na kuta zimeshakaliwa. Antibayotiki ikipita inafukuza wapangaji wazuri pamoja na wabaya, na anayebaki ni yule asiyeisikia dawa. Majaribio ya panya ya miaka ya 1950 na 1960 yaliliweka jambo hili wazi. Panya wa kawaida alihitaji kumezeshwa Salmonella wapatao 100,000 ili aambukizwe, lakini aliyetangulizwa dozi moja ya streptomaisini aliambukizwa kwa bakteria wasiofika 10.

Kwa hiyo probayotiki inazuia nyumba isivamiwe. Kumtoa mvamizi aliyekwisha kujifungia ndani ni kazi ya kisu na dawa.

SWALI: Mimi siumwi, ila kabla ya upasuaji nilipimwa nikaambiwa nina MRSA puani. Nimesoma kuna bakteria wa kumezwa wanaoiondoa. Ni kweli?

Kuna ushahidi mzuri, na ni mojawapo ya kazi za kuvutia zaidi katika uwanja huu. Mwaka 2018 watafiti walipima watu 200 wa vijijini Thailand. Kila aliyekuwa na bakteria wa jamii ya Bacillus utumboni, hakukutwa na Staphylococcus aureus hata mmoja. Si kwa kubahatisha. Bacillus subtilis hutengeneza kemikali iitwayo fenjisini, ambayo umbo lake linafanana na ishara ambayo Staphylococcus huitumia kuwasiliana na wenzake. Fenjisini inakaa kwenye pokeo la ishara hiyo kama ufunguo usio wake uliokwama kwenye kitasa: ishara halisi haiingii, na Staphylococcus asiyesikia wenzake anashindwa kushikilia makazi yake utumboni. Bacillus walioondolewa uwezo wa kutengeneza fenjisini hawakufanya kitu.

Angalia uzuri wa hapo. Hakuna anayeuawa, kwa hiyo shinikizo la kuzaa usugu ni dogo kuliko la antibayotiki.

Jaribio la watu lilichapishwa mwaka 2023, pia la Thailand. Watu 115 waliokuwa na S. aureus waligawanywa makundi mawili, kundi moja likimeza spora (bakteria waliolala ndani ya ganda gumu) bilioni 10 za B. subtilis kila siku kwa siku 30, jingine likimeza kidonge kitupu kisicho na bakteria. Waliomeza spora walipungukiwa na S. aureus kwa asilimia 96.8 kwenye kinyesi na asilimia 65.4 puani, ingawa hakuna kilichopakwa puani. Hiyo inatuambia kuwa ghala la bakteria huyu liko utumboni, na pua ni baraza tu.

Lakini soma vizuri: wale walikuwa watu wazima wenye afya, na kilichopimwa ni wingi wa bakteria, si idadi ya vidonda vilivyopata usaha baada ya upasuaji. Upasuaji wako una tarehe. Kwa hiyo fuata njia ya hospitali, ambayo kwa kawaida ni mafuta ya mupirosini puani mara mbili kwa siku kwa siku 5, pamoja na kuoga kwa sabuni ya klorheksidini. Spora za B. subtilis zungumza na daktari wako kama nyongeza, na mtajie jina kamili la bidhaa.

SWALI: Mwanangu wa miaka minne ameandikiwa amoksilini siku saba, mara tatu kwa siku. Kila akinywa antibayotiki anaharisha. Nimpe probayotiki gani, kiasi gani na saa ngapi?

Dada, hapa probayotiki zina ushahidi wa kutosha, ilimradi uchague nasaba inayofaa. Nasaba ni ukoo mmoja mahususi ndani ya spishi. Bakteria wawili wa spishi moja wanaweza kutofautiana kazi kama mbwa mlinzi na mbwa koko. Nasaba mbili zimepimwa vya kutosha kwa watoto:

Lactobacillus rhamnosus GG. Tangu mwaka 2020, jenasi ya Lactobacillus ilipogawanywa, utaona pia ameandikwa Lacticaseibacillus rhamnosus GG. Ni yuleyule.

Saccharomyces boulardii. Huyu si bakteria, ni ndugu wa hamira. Faida yake kubwa ni kwamba antibayotiki haimgusi kabisa.

Wataalamu wa magonjwa ya tumbo ya watoto wa Ulaya, katika mapendekezo yao ya mwaka 2023, walitaja hizi mbili kwa kiasi kisichopungua chembe hai bilioni 5 kwa siku, zikianza siku moja na antibayotiki. Chagua moja. Kuzichanganya hakuongezi faida inayojulikana.

Ratiba yenyewe ni hii. Tuseme amoksilini anainywa saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Ukichagua GG, mpe saa nne asubuhi, pamoja na chakula. Unataka pengo la angalau saa mbili kila upande, kwa sababu GG anauawa na amoksilini, na chakula kinapunguza ukali wa asidi ya tumbo ili wengi wapite salama. Ukichagua S. boulardii, saa yoyote inafaa. Kosa linalofanyika kwake ni tofauti: mtoto akiwa pia anapewa dawa ya fangasi, mfano nistatini au flukonazo, hamira hiyo inakufa.

Kapsuli ikifunguliwa, unga uchanganywe na maji ya kawaida, maziwa au uji uliopoa. Uji wa moto unachemsha bakteria, na hapo utakuwa unampa mtoto maiti zao.

Anza ndani ya siku mbili za mwanzo za dawa. Ukisubiri hadi aanze kuharisha, faida inashuka, kwa kuwa nafasi uliyotaka kuilinda imeshavamiwa. Endelea mpaka dozi iishe, na unaweza kuongeza kama wiki moja. Usivute miezi. Utafiti wa Israeli wa mwaka 2018 uliwapa watu wazima wenye afya mchanganyiko wa nasaba 11 baada ya antibayotiki, na bakteria wao wa asili walichelewa kurudi kuliko wa wale ambao hawakupewa chochote. Mlinzi wa zamu akikataa kuondoka, mwenye nyumba naye anakosa pa kuingilia.

Akiharisha pamoja na hayo yote, mpe ORS, na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Antibayotiki usiikatize mwenyewe. Damu kwenye choo, macho kuingia ndani, kulegea au kukosa mkojo kwa saa nyingi ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

SWALI: Si mtindi tu unatosha?

Mtindi ni chakula kizuri, lakini tufanye hesabu. Kiwango cha kimataifa cha maziwa yaliyochachushwa kinataka bakteria waliotajwa kwenye lebo wasipungue milioni 1 kwa kila gramu. Kwa kiwango hicho cha chini, chembe bilioni 5 zinapatikana kwenye gramu 5,000, yaani kilo 5 kwa siku. Mtindi mwingi unazidi kiwango hicho, pengine mara kumi au zaidi, lakini hutajua ni upi. Isitoshe, bakteria wawili wanaogandisha mtindi wa kawaida, Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus, hawakuzoea utumbo wa binadamu. Wengi hawavuki salama. Na mtindi uliochemshwa baada ya kuganda ili ukae rafuni muda mrefu hauna kitu hai.

SWALI: Nimepata UTI mara nne mwaka huu, na mara mbili za mwisho E. coli imekuwa sugu kwa dawa tatu. Bakteria wa ukeni wanaweza kunisaidia?

Wanaweza kusaidia kupunguza marudio. UTI iliyopo sasa inahitaji dawa iliyochaguliwa kwa majibu ya kuotesha mkojo, na ukiona homa, kutetemeka au maumivu ya ubavuni, maambukizi yamepanda kwenye figo, usingoje.

Kwa wanawake wengi njia ya E. coli, bakteria wa utumbo, ni fupi: anatoka kwenye haja kubwa, anapanga ukeni, kisha anapanda kwenye kibofu. Uke wenye Lactobacillus wa kutosha, hasa L. crispatus, una asidi kali inayomnyima makazi. Antibayotiki za mara kwa mara na kukoma hedhi huwapunguza walinzi hao.

Majaribio mawili yanafaa kujulikana. La kwanza, la mwaka 2011, lilihusu wanawake 100 waliokuwa wakipata UTI za kujirudia. Baada ya matibabu ya kawaida nusu yao waliwekewa ukeni kidonge cha L. crispatus kila siku kwa siku 5, kisha mara moja kwa wiki kwa wiki 10. UTI ilirudi kwa asilimia 15 yao, dhidi ya asilimia 27 ya waliowekewa kidonge kitupu. Jaribio lilikuwa dogo, na tofauti hiyo haikutosha kitakwimu kufunga mjadala. Walioonekana kufaidika zaidi ni wale ambao bakteria alikubali kukaa kwa wingi.

La pili, la mwaka 2012, ndilo tunalolipenda kwa sababu ya jambo lililojitokeza pembeni. Wanawake 252 waliokoma hedhi walitumia kwa mwaka mzima ama antibayotiki ya kotrimoksazoli kama kinga, ama kapsuli za kumeza zenye L. rhamnosus GR-1 na L. reuteri RC-14. Dawa ilishinda kidogo: wastani wa UTI 2.9 kwa mwaka dhidi ya 3.3. Lakini baada ya mwezi mmoja tu, E. coli wa waliotumia dawa walikuwa wamekuwa sugu kwa kiasi cha asilimia 80 hadi 95 kwa dawa hiyo na jamaa zake, kutoka kati ya 20 na 40. Kwa waliomeza bakteria usugu haukupanda. Mtu mwenye E. coli sugu tayari kwa dawa tatu ana sababu ya kuipima mizani hiyo upya pamoja na daktari wake.

Kama umekoma hedhi, muulize pia kuhusu krimu ya estrojeni ya ukeni. Inawarudishia Lactobacillus wako mwenyewe mazingira ya kuishi, na mara nyingi inafanya kazi zaidi ya kapsuli yoyote. Usijisafishe ndani kwa sabuni wala dawa. Unafukuza haohao unaowatafuta.

SWALI: Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi. Ndugu wa wagonjwa wanatuletea kapsuli za probayotiki tuwape kupitia mrija wa chakula. Tuwakubalie?

Hapana, si bila amri ya daktari iliyoandikwa. Hapa bakteria rafiki anaweza kugeuka, na si nadharia.

Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021 liliwapa L. rhamnosus GG wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, jumla yao 2,650 kwa makundi yote mawili. Nimonia ya mashine iliwapata asilimia 21.9 ya waliopewa bakteria na asilimia 21.3 ya waliopewa kitupu, hakuna tofauti. Ila maambukizi ya GG mwenyewe, au kukutwa kwake mahali asipopaswa kuwa, yalitokea kwa wagonjwa 15 waliopewa GG, dhidi ya 1 upande wa pili. Huko Uholanzi mwaka 2008 mambo yalikuwa mabaya zaidi: kati ya wagonjwa 298 wa kongosho lililovimba vibaya, vifo vilikuwa 24 kwa waliopewa probayotiki dhidi ya 9, na 9 kati ya waliopewa walipata utumbo uliokosa damu, wakati upande wa pili hakuna hata mmoja.

S. boulardii ana hatari yake ya pekee wodini. Ukifungua kapsuli yake kando ya kitanda, unga unaruka na kutua kwenye mikono na kwenye viungio vya mirija. Mgonjwa mwenye mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu anaweza kupata hamira hiyo kwenye damu, hata kama kapsuli ilikuwa ya jirani yake. Kwa hiyo ikiwa daktari amemwandikia mgonjwa yeyote, unga uandaliwe nje ya chumba chenye mirija hiyo, kwa glavu zinazotupwa papo hapo, na mikono ioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kugusa mrija wowote.

Watoto njiti nao wawekwe kwenye fungu la tahadhari. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya mtoto njiti aliyepewa probayotiki kufariki kwa maambukizi ya bakteria yuleyule. Usichanganye hao na watoto wa jaribio la Odisha, India, lililochapishwa mwaka 2017. Watoto wachanga 4,556 wenye uzito wa gramu 2,000 au zaidi, mimba zao zikiwa zimefika angalau wiki 35, walihusishwa. Nusu walipewa Lactobacillus plantarum wa nasaba maalumu pamoja na sukari ya kumlisha, kwa siku 7. Sepsisi (maambukizi makali yanayoshambulia mwili mzima) na vifo kwa pamoja vilikuwa asilimia 5.4, dhidi ya asilimia 9.0. Kila kuambukizwa kulikokwepwa hapo ni dozi ya antibayotiki ambayo haikuhitajika. Matokeo ni makubwa, lakini ni ya nasaba ile na watoto wa uzito ule.

SWALI: Baba yangu anarudiwa na kuhara kwa Clostridioides difficile, bakteria anayevamia utumbo baada ya antibayotiki, kila akimaliza dawa. Tumpe probayotiki?

Kwa aliyekwisha kurudiwa mara kadhaa, kapsuli ya nasaba moja au mbili ni kikosi kidogo mno. Hata kwenye kuzuia tu, majibu yanagongana. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliokusanya majaribio 31 uliona ugonjwa ukishuka kutoka asilimia 4.0 hadi 1.5, faida ikiwa kwa walio kwenye hatari kubwa. Jaribio moja kubwa la Uingereza la mwaka 2013, lenye wazee karibu 3,000, halikuona tofauti ya maana.

Kinachofanya kazi kwa marudio ni kurudisha jamii nzima ya bakteria wa utumbo, yaani upandikizaji wa kinyesi kilichopimwa. Jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2013 lilisitishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa mno: wagonjwa 13 kati ya 16 walipona kwa kupandikizwa mara moja, dhidi ya 4 kati ya 13 waliopewa antibayotiki ya vankomaisini peke yake. Marekani imeidhinisha bidhaa mbili za namna hii: ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa mwaka 2022, na ya kapsuli mwaka 2023, ambayo humezwa kapsuli 4 kwa siku kwa siku 3.

Msijaribu nyumbani kwa kinyesi cha ndugu, hata awe na afya ya chuma. Mwaka 2019 iliripotiwa kuwa wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu walipata kwenye damu E. coli sugu kutoka kwa mchangiaji mmoja ambaye kinyesi chake hakikuwa kimepimwa bakteria huyo. Mmoja alifariki. Tiba ya kupambana na usugu ilileta usugu wenyewe.

SWALI: Nasoma maikrobayolojia. Nimetenga Lactobacillus na anatoa duara kubwa safi dhidi ya S. aureus kwenye sahani. Nimegundua bakteriosini?

Huenda umegundua asidi, si bakteriosini, yaani protini ambayo bakteria huitoa kuua bakteria wengine. Ndilo kosa la kwanza kwa karibu kila anayeanza, na dawa yake ni vidhibiti.

Otesha bakteria wako kwenye mchuzi wa MRS (chakula cha maabara cha kuoteshea Lactobacillus) kwa nyuzi 37 kwa saa 18 hadi 24, mzungushe kwenye sentrifuji, kisha pitisha maji ya juu kwenye chujio la mikromita 0.22. Gawa maji hayo mafungu manne. La kwanza liache lilivyo. La pili lirekebishe hadi pH 6.5 kwa sodiamu haidroksaidi. La tatu lirekebishe vivyo hivyo, kisha tia kimeng'enya cha katalasi kinachovunja haidrojeni peroksaidi. La nne lirekebishe, kisha tia proteinesi K inayokata protini. Pembeni weka MRS mbichi, na MRS nyingine mbichi uliyoishusha kwa asidi ya laktiki hadi pH ileile ya fungu la kwanza.

Sahani iwe ya agari ya Mueller-Hinton. S. aureus mwandae kwa kipimo cha McFarland 0.5, yaani chembe zipatazo milioni 150 kwa mililita, mpake kwa pamba pande tatu, kisha toboa visima vya milimita 6. Tia mikrolita 50 kila kisima. Weka sahani kwenye friji saa 2 ili maji yasambae kabla bakteria hawajaanza kukua, kisha nyuzi 37 kwa saa 18 hadi 24.

Sasa soma. Duara likibaki kwenye fungu la kwanza na kwenye MRS yenye asidi tu, ni asidi. Likitoweka baada ya katalasi, ni peroksaidi. Likidumu kwenye la pili na la tatu, likafutika kwenye la nne, hapo ndipo neno bakteriosini linaanza kutamkika.

Yanayoharibu: kisima kilichopasuka chini, maji yakapita chini ya agari na kutoa duara lililopinda; kusahau kuwa MRS yenyewe ina asetati, ambayo pH ikishuka huzuia bakteria wengi; na kukata tamaa kwa sababu Klebsiella, bakteria wa Gramu hasi, hakuguswa. Bakteriosini nyingi za bakteria wa Gramu chanya hazipenyi utando wa nje wa Gramu hasi. Jaribu tena ukiongeza kemikali ya EDTA inayolegeza utando huo, na uweke kisima cha EDTA peke yake. Anza na nasaba ya S. aureus ATCC 25923 inayosikia dawa. MRSA ifuate ukiwa na kabati la usalama na msimamizi.

SWALI: Je, probayotiki zenyewe haziwezi kubeba usugu na kuugawa? Na nisome nini kwenye lebo?

Zinaweza. Swali hili wauzaji wengi hawalipendi. Bakteria hupeana jeni kupitia plasmidi, vipande vya DNA vinavyohama kutoka mmoja hadi mwingine. Katika jaribio la Denmark la mwaka 2006, watu 6 walimeza Enterococcus wa kuku mwenye jeni ya usugu wa vankomaisini pamoja na Enterococcus wa binadamu asiye nayo. Kwa watu 3, yule wa binadamu alitoka akiwa ameipata. Ndiyo maana probayotiki yenye Enterococcus tunaitazama kwa jicho kali.

Usugu mwingine hauna hatari hiyo. Lactobacillus wengi hawasikii vankomaisini kwa maumbile: ukuta wao hauna kishikio ambacho dawa hushika, na sifa hiyo imo kwenye kromosomu, haihami. Mfano mzuri wa mtengenezaji anayejali ni L. reuteri ATCC 55730. Ilipogundulika ana plasmidi mbili zenye jeni za usugu, ziliondolewa, na bakteria aliyebaki akapewa namba mpya, DSM 17938.

Kwenye lebo tafuta jenasi, spishi na nasaba. Isiyo na nasaba irudishe rafuni. Tafuta idadi ya chembe hai hadi tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu idadi ya "wakati wa kutengenezwa" inaweza kupungua sana kabla haijakufikia. Nasaba kumi na tano kwenye kichupa kimoja si ubora. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na orodha ndefu mara nyingi huficha kiasi kidogo cha kila mmoja.

Kisha tazama maelekezo ya kuhifadhi. Walioagizwa friji wakae kwenye friji, si kwenye mlango wake unaofunguliwa kila mara. Walioandikiwa joto la kawaida wabaki kwenye kichupa chao chenye kifuko cha kunyonya unyevu, kwani unyevu huwaamsha kabla ya wakati na wakiamka bila chakula wanakufa. Ukikuta unga umeshikana mabonge, tupa.